Kipande cha Shinyanga Kwenda Geita

Ngokolo, Shinyanga
9 Februari 2025

Mwanangu Yasmini,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, mwili na roho, kama inavyoniacha mimi, ukiondoa goti la kushoto na haya masikio unayoyajua. Nyumba iko salama. Kuku wa marehemu mama yako wamebaki watatu, na mmoja ameanza kulala dirishani kwangu, nadhani naye hapendi kulala peke yake.

Barua hii nampa Hosiana, yule dada wa kampuni yenu ya ndege pale kiwanjani Ibadakuli, akuwekee kwenye mkoba wa marubani. Najua ungependa nitumie simu. Lakini simu ya kuongea hainisaidii kitu. Miaka niliyokaa kando ya karasha kule Geita, linasaga mawe ya dhahabu kutwa, ilinimalizia kusikia. Na meseji nazo, mimi naandika neno moja wewe umeshaandika kumi. Karatasi ina subira na mtu kama mimi.

Jumanne nilikuja. Ulikuwa kiti cha kulia, umevaa miwani myeusi, ukanipungia. Nilisimama kwenye fensi nikidhani utashuka hata kidogo. Hosiana akaniandikia kiganjani kwa kalamu: "Mzee Akida, haruhusiwi kushuka, anakusalimu." Basi nikarudi. Tangu mama yako Mwahija atutoke, safari ya Ibadakuli ndiyo safari yangu pekee.

Sasa nina swali, na usinifiche. Jirani yetu Ignas, yule mkulima wa tumbaku aliyehamia hapa kutoka Ushetu, alinisimanga mbele ya watu kwa kinyozi. Ana sauti ya kuita ng'ombe, ndiyo maana nilimsikia. Alisema: "Mwanao kasoma urubani mpaka Afrika Kusini, halafu wakampa pangaboi! Ndege ya kweli haina feni." Watu walicheka.

Je, ni kweli wamekupa kitu cha zamani? Ni kwa sababu wewe ni mwanamke, au kwa sababu hatuna mtu wa kutusemea? Kama ni kweli nitanyamaza, lakini nijue.

Wako,
Baba


Dar es Salaam
20 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nilikabidhiwa na Hosiana tukiwa tunajiandaa kuondoka, na Kepteni Cornel, ninayeruka naye, alinikataza kuifungua mpaka tutue Geita. Nilikuwa naiangalia tu pale juu ya mkoba. Mimi ni mzima. Chumba changu cha Kipunguni kina joto la kupikia mkate. Majirani tunapishana ngazini, siwajui majina. Siku nisizoruka ninaweza kukaa bila kufungua mdomo mpaka niende dukani kuomba vocha.

Mwambie Mzee Ignas kwamba lile si feni. Nyuma ya pangaboi kuna injini ileile ya jeti, moto uleule, mafuta yaleyale. Tofauti ni namna nguvu yake inavyotumika. Jeti inashika hewa kidogo na kuirusha nyuma kwa kasi ya ajabu. Pangaboi linashika hewa nyingi na kuisukuma taratibu, na hiyo ndiyo njia inayokula mafuta kidogo. Jeti inapata raha yake juu sana, kule hewa iliko nyepesi. Ikishafika huko hatuikamati. Lakini sharti ifike kwanza. Kutoka kwako mpaka kiwanja cha Geita ni kama nusu saa. Jeti ingepanda, ingepanda, na kabla haijafika pale inapoanza kubana matumizi, wakati wa kushuka umefika. Ni sawa na kuwasha lori la tani kumi litoke Ngokolo kwenda Soko Kuu kufuata dagaa. Litafika kwa kishindo, ila dizeli itakayoungua utaijutia.

Na ndege yangu si ya zamani, Baba. Nimeizidi umri kwa mbali.

Kuhusu kushuka: pale Ibadakuli injini ya kulia hatuizimi. Tunalifunga breki pangaboi lake, injini inaendelea kuwaka ili itupe umeme na hewa ya baridi. Kepteni anashuka kuikagua ndege, kwa hiyo mimi lazima nibaki. Nilikuona umevaa koti la kahawia. Ni kubwa kwako siku hizi. Unakula?

Lakini sitakudanganya, jeti naitamani. Hakuna rubani asiyeitamani. Na kuna habari: mkurugenzi wetu, Bwana Benjamini, amekodi jeti moja ya majaribio. Mimi na Kepteni Cornel tumepewa kazi ya kupima mafuta yanayoungua kwenye kila kipande cha safari zetu, jeti kwa pangaboi, tuandike ripoti. Marubani wa kwenda kwenye jeti wanachaguliwa sasa. Nimeomba.

Mwanao,
Yasmini


Ngokolo
11 Aprili 2025

Yasmini mwanangu,

Salamu nyingi, na Idi njema iliyopita. Ulizipata zile kashata? Hosiana aliapa kwamba zimefika mikononi mwako. Afya yangu ni ileile. Swali lako la kula: nakula. Siku ya Idi nilipika pilau, nikajikuta nimekadiria mchele wa watu watatu kwa mazoea. Nikampelekea Ignas sinia. Alikula lote, na safari hii hakusema neno juu ya feni.

Alisema wiki iliyofuata. Jeti yenu ilipotua hapa kwa majaribio, mji mzima ulihamia Ibadakuli. Wanafunzi walipanda juu ya matofali, akina mama wakaacha nyanya zao barabarani. Mimi sikuisikia, ila ilipogusa lami kifua kilitetemeka na mabati ya kibanda cha soda yakatikisika, nikajua ni kitu kikubwa. Ni nzuri, mwanangu. Nyeupe, laini, kama imelambwa. Ignas alinishika bega akanisalimu Kisukuma, akipiga kelele sikioni: "Mwangaluka, baba wa rubani! Hiyo ndiyo ndege!" Niliona fahari. Nitakuwa mwongo nikisema sikuona.

Nikamuuliza Hosiana kama hiyo jeti itakuwa inatua hapa kila wiki. Akachukua daftari lake akaniandikia: "Wanasema ikinunuliwa itaruka Dar na Mwanza, na Dar na Geita moja kwa moja. Hapa itapita juu."

Sikukasirika. Nakuuliza tu kwa sababu nataka kujua jinsi ya kuzipanga Jumanne zangu na Alhamisi zangu. Ukipewa jeti, panda. Mama yako angekufungia kanga kiunoni na kukusukuma. Lakini niambie mapema.

Mmoja wa kuku amekufa. Si ugonjwa, ni uzee.

Baba yako


Dar es Salaam
2 Mei 2025

Baba,

Shikamoo sana. Kashata zilifika, Kepteni Cornel akala nusu, nikamsamehe. Mwili wangu hauna tatizo. Usingizi ndio haukai.

Vipimo tumemaliza. Sisi tunapima mafuta kwa kilo, si kwa lita, kwa sababu mafuta hutanuka kwa joto lakini uzito haubadiliki. Kwenye kipande cha Shinyanga kwenda Geita, ukigawa mafuta kwa idadi ya viti, jeti ilikula karibu mara mbili ya pangaboi. Karibu mara mbili, Baba! Na ilituokolea dakika saba au nane tu. Kwenye kipande kirefu, Dar kwenda Geita bila kutua, mambo yanakuwa mengine: pangaboi bado linakula kidogo, lakini tofauti inapungua mpaka kama robo, na jeti inafika mapema vya kutosha kurudi na kwenda tena siku hiyohiyo. Kwa hiyo jeti si mbaya. Ni ya mbali tu.

Nilikaa nyuma ya marubani wa hiyo jeti siku tulipokuja kwako. Ilivyopanda, niliacha kuandika. Nilisahau kabisa kazi iliyonipeleka.

Jana Bwana Benjamini aliniita peke yangu. Alisema: "Yasmini, kazi nzuri. Sasa viondoe vile vipande vifupi. Wanaotukopesha hawahitaji kuchanganywa." Nikamwambia safari zetu nyingi ni hivyo vipande vifupi. Akasema: "Abiria wanaogopa pangaboi. Wakiliona wanauliza kama litafika. Nataka ndege ambayo mtu akipanda anapiga picha." Halafu akatoa orodha ya marubani wa jeti, akaiweka mezani imegeukia upande wangu. Jina langu ni la pili.

Hakunitisha. Alikuwa anatabasamu, akaniagizia chai.

Kepteni Cornel anasema ataunga mkono nitakaloamua, kwa sababu yeye anakaribia kustaafu na mimi ndiyo naanza. Hilo halinisaidii. Nikiandika vyote, jeti inaweza isije na nafasi yangu ikaenda nayo. Nikiandika nusu, napanda jeti, na wewe pale fensini utaona moshi mweupe umepita juu. Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Nishauri.

Mwanao,
Yasmini


Ngokolo
19 Mei 2025

Mwanangu,

Amani iwe juu yako. Mimi mzima. Mvua zimekatika, vumbi limerudi kwenye vyombo.

Nimeisoma barua yako barazani, nikaisoma tena jikoni. Mimi si mtu wa ndege. Lakini mafuta ya karasha nayajua kwa mkono, maana tulikuwa tunayabeba kwa madumu. Mwenye karasha akituuliza yameungua kiasi gani, tulimwambia yaliyoungua. Akikasirika, alikasirikia karasha.

Andika kilichoungua, mwanangu. Vipande vyote.

Lakini sikiliza na hili, maana nakujua ulivyo. Usiandike kwa sababu yangu. Mimi usinipandishe kwenye mizani yako pamoja na hizo kilo. Kama kesho jeti itashinda kwa haki, panda, upite juu, na mimi nitatazama juu. Sitaki siku moja ukae kwenye kiti kinachokunyima raha ukasema ni kwa ajili ya mzee mmoja wa Ngokolo. Nimebeba mizigo mingi, huo siutaki.

Chai ya Bwana Benjamini ulikunywa? Mimi ningekunywa. Chai haina kosa.

Wako,
Baba


Dar es Salaam
3 Septemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na barua zako mbili ninazo, ya Juni na ya Julai. Ile ya Juni, uliyosema tu kwamba nyumba ina siafu na kwamba hutaki nijibu kama sina nafasi, niliisoma mara nyingi. Nilikuwa nakupungia pale Ibadakuli, nikaona bora kupunga kuliko kuandika wakati sijui nitaandika nini. Unaendeleaje? Goti?

Niliandika vipande vyote. Bwana Benjamini aliisoma ripoti mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, akaifunga, akasema asante. Kuanzia hapo hakunisemesha. Tukipishana koridoni alikuwa anaangalia simu. Wenzangu wawili wa ile orodha ya jeti waliacha kukaa meza yangu, kisha wakahamia kampuni nyingine kupata mafunzo yake. Mwezi Julai wakopeshaji waliisoma ripoti nao, na mwisho wa mwezi jeti ilirudishwa kwa wenyewe. Niliiona ikiondoka. Nilikuwa nimeshika kikombe cha plastiki mpaka kikapasuka.

Nikadhani ndiyo mwisho. Kumbe hapana.

Kuna mashirika ya misaada Sudan Kusini yalikuwa yanatafuta ndege za kubeba watu wao kutoka Juba kwenda kwenye vile viwanja vifupi vya vijijini. Bwana Benjamini aliwapelekea ripoti yangu, Baba. Ileile. Kilo kwa kilo, kipande kwa kipande. Tumeshinda zabuni kwa sababu ya mafuta tusiyoyachoma. Akaniita akanipa mkono. Akasema: "Umetuokoa. Utakwenda kama kepteni."

Nimekuwa kepteni. Nimelilia hilo jina miaka yote na sasa natamani mtu angelitaja kwa sauti ya Mama.

Ndege mbili kati ya tatu zinakwenda Juba, na mimi nazo. Hiyo moja itakayobaki itakuwa ya Dar na Mwanza. Kwa hiyo kituo cha Shinyanga kinasimamishwa. Hata nikikataa Juba, kwako sitatua tena. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na unaweza kuongezwa.

Safari yetu ya mwisho kupita hapo ni Alhamisi, tarehe 25 Septemba. Nitakuwa kiti cha kushoto, cha kepteni. Kepteni Cornel atakaa kulia kunisimamia, ndiyo safari yangu ya mtihani. Njoo fensini, Baba. Usipoweza kuja kwa sababu ya goti, usijilazimishe. Lakini njoo.

Mwanao,
Yasmini


Juba, Sudan Kusini
30 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Barua hii analeta Amosi, fundi wetu wa ndege, kwao ni Kahama. Anakuja likizo fupi na ameahidi kupita Ngokolo. Ukitaka kujibu mpe yeye. Mimi mzima. Tunaishi kwenye kontena lenye kiyoyozi, ndani ya uzio. Jioni kila mtu anajifungia na simu yake. Chakula ni kingi na hakina ladha. Kazi ni nzuri. Viwanja ni vya udongo, vifupi, na pangaboi linatua humo kama limezaliwa humo.

Hukunijibu barua ya Septemba, nikajua umekasirika. Siku ile tulipotua Ibadakuli nilikutafuta kwenye fensi, sikukuona. Niliona akina mama, niliona Mzee Ignas ameshika kofia. Wewe hukuwepo. Nikamwambia Kepteni Cornel: "Baba hakuja." Halafu Hosiana akatuletea orodha ya abiria, nikaona jina lako. Akida, kiti cha tano, dirishani. Mpaka Geita.

Sikuweza kukufuata. Milango ilikuwa inafungwa, na huo ulikuwa mtihani wangu. Nilishika usukani nikiwa najua uko nyuma yangu hatua chache na kati yetu kuna mlango. Tulipotulia juu, nikachukua kipaza sauti. Maneno ya kawaida nayajua, ya mwendo na hali ya hewa. Niliyasema. Kisha nikasema: "Mabibi na mabwana, leo ndani ya ndege hii yupo baba yangu. Ni mara yake ya kwanza kupanda ndege." Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba watu wote wamesikia isipokuwa wewe.

Kepteni Cornel alitazama pembeni mpaka tulipoanza kushuka.

Pale Geita nilikuja mlangoni. Wewe ulikuwa wa mwisho kushuka. Injini ya kulia inawaka, upepo unapiga, watu wa mizigo wanapiga kelele. Ulishika hizi alama nne za ukepteni begani kwangu, moja moja. Nikakuuliza. Nilikuuliza kwa nguvu, sijui kama watu walisikia: "Baba, nibaki?" Ulinitazama mdomo, ukatabasamu, ukatikisa kichwa.

Ningebaki. Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika, nilikuwa nayo kwenye mkoba. Kama ungesema ndiyo ningemaliza safari ile, nimpe Kepteni Cornel ile barua, nipande basi nije Ngokolo nianze upya hata kwa kufundisha hesabu. Ulipotikisa kichwa nikapata nguvu ya kurudi ndani. Siku za Juba zinapokuwa ndefu ndicho ninachokikumbuka, kwamba nilikuuliza na wewe ukanijibu.

Mkataba umeshaongezwa. Sasa ni miaka miwili.

Mwanao,
Yasmini


Ngokolo
8 Novemba 2025
(Barua hii haikupelekwa.)

Mwanangu Yasmini,

Salamu. Amosi amefika jana, kijana mstaarabu, nimempa chumba chako alale. Ni mtu wa kwanza kulala humu tangu msiba.

Sikukasirika. Sikujibu barua yako ya Septemba kwa sababu sikujua niandike nini, nikaona bora nije mwenyewe. Hosiana alinikatia tiketi, nikamwapisha asikwambie. Nilitaka hata mara moja niwe upande wa ndani wa fensi.

Nilikaa na mama mmoja anaitwa Rhoda, ana mgahawa Geita mjini. Tulipopaa, nilisukumwa mgongoni kama mtu ananiamsha. Niliangalia lile pangaboi dirishani mpaka likapotea kwa mwendo, nikabaki naona anga tu. Nilikuwa nimeshika mikono ya kiti. Mara watu wote wakageuka kunitazama na kupiga makofi. Niliingiwa na hofu, nikadhani nimekosea, nikaanza kuukagua mkanda. Mama Rhoda akaona sielewi. Akachukua mfuko wa karatasi, ule wa kutapikia, akaandika juu yake: "Rubani anasema wewe ni baba yake. Anasema ni mara yako ya kwanza. Sauti yake inatetemeka." Nikageukia dirisha ili asinione. Chini niliona machimbo, mashimo na maturubai ya bluu, na udongo mwekundu umefukuliwa kila mahali. Mahali nilipomaliza ujana wangu palipita chini ya bawa, na bado Mama Rhoda hajafunga kalamu yake.

Njia ile kwa basi huwa inanila siku nzima. Yenu ni fupi mno. Nilitamani ingekuwa na mafuta mengi ya kuunguza.

Sasa kuhusu pale mlangoni. Sikusikia, mwanangu. Sikusikia hata neno moja. Upepo ulikuwa unakupiga kitambaa usoni, mdomo sikuuona vizuri. Nilitikisa kichwa kukwambia sisikii. Nilidhani umesema niende salama, au nile vizuri, maana ndiyo unayosema siku zote. Ndiyo maana nilitabasamu.

Kama ningesikia, ningesema baki. Ningesema bila kufikiri. Ningesema baki, nyumba ni kubwa, mchana ni mrefu, sina wa kumwambia kwamba chai imeiva. Nilirudi Ngokolo nikafungua mlango, nikasimama sebuleni na viatu, kwa sababu sikuona sababu ya kuvivua.

Je, ukijua hivi utarudi? Ukirudi


Ngokolo
8 Novemba 2025

Mwanangu Kepteni Yasmini,

Assalaam alaykum. Amosi amefika salama na barua yako, na anaondoka na hii. Mimi ni mzima kabisa. Goti limepoa. Nakula vizuri, Amosi ni shahidi, tumekula naye wali na samaki.

Samahani kwa kutojibu Septemba. Nilitaka kukushtukiza. Safari ilikuwa nzuri, ndege imetulia, na umeitua taratibu hata sikujua tumefika. Jirani yangu wa kiti aliniandikia yote uliyoyasema kwenye kipaza sauti. Nakushukuru. Sikuwahi kupigiwa makofi.

Kuhusu lile swali lako pale mlangoni: nilikusikia, mwanangu. Nilikusikia vizuri. Na jibu langu ni lilelile.

Baba yako